Picha ya Mtoto wa Mfalme



Leo natamani tuitazame picha moja ya zamani. Ilipigwa Julai 1868 katika kisiwa cha Wight, huko Uingereza, na bibi aliyesifika kwa kazi hiyo, Julia Margaret Cameron. Ndani yake yumo mtoto wa miaka 7, kavaa nguo za kwao Ethiopia na mkufu shingoni. Jina lake Alemayehu, mwana wa Mfalme Tewodros. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule Waingereza waliishambulia ngome ya Magdala, na mfalme akajiua asitekwe. Mama naye akafa njiani. Mtoto akakabidhiwa kwa afisa mmoja, akavushwa bahari.

Huko hakukosa chakula wala mavazi. Malkia Victoria alimpenda, akasomeshwa shule za wakubwa. Lakini aliomba kurudi kwao, asirudishwe. Akafariki mjini Leeds Novemba 1879, ana miaka 18, kwa ugonjwa wa kifua. Malkia mwenyewe aliandika kwamba kijana huyo alikuwa peke yake ugenini, hana hata ndugu mmoja. Alizikwa Windsor, na mwaka 2023 jamaa zake walipoomba mifupa yake, walikataliwa.

Kwa nini nayasema haya? Kwa sababu mabinti zetu wa Newala na Masasi, wamalizapo darasa la saba, hupandishwa basi kwenda Dar es Salaam kufanya kazi za nyumbani. Baada ya mwezi huja picha kwenye simu: gauni jipya, nywele zimesukwa. Mama huionyesha bombani, "Mwanangu kanawiri!" Nasi tunaamini.

Ndugu zangu, nguo haisemi. Nguo za Alemayehu ni nzuri, bali uso wake haucheki.

Kwanza, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hairuhusu kumwajiri aliye chini ya miaka 14. Aliyevuka umri huo naye, usimtoe kabla hujaijua nyumba, mtaa na parokia ya huko. Usitosheke na picha. Piga simu, useme naye mwenyewe, tajiri wake asiwepo karibu. Akisema anataka kurudi, usimwambie avumilie. Mtumie nauli, hata kama ni fedha ya korosho uliyoiweka kwa bati.

Yule mtoto wa mfalme aliita, wazazi wake wamekwisha kufa. Wa kwako bado anao. Akiita, aitikiwe.