Mkoba wa Mkononi Usifungwe kwa Mazoea

Ni nyumba chache katika Visiwa hivi zisizokuwa na jamaa Muscat, Dubai au London. Likizo za skuli zinapowadia, aila nyingi hufunga safari kwenda kuwaona ndugu zao; na wengine huondoka kwa dhiki, wakimpeleka mgonjwa India kwa matibabu. Pasi, viza na nauli hutayarishwa kwa miezi. Lakini mkoba wa mkononi, ambao ndio mzigo pekee utakaobaki na msafiri njia nzima, hufungwa usiku wa mwisho, kama kwamba safari ni ya meli baina ya Mkoani na Malindi.

Mazoea hayo yana gharama. Tangu mwaka 2006, baada ya kugunduliwa nchini Uingereza njama ya kuripua ndege kwa vimiminika, viwanja vingi duniani vilikataza abiria kuingia ndani na chombo cha kimiminika kinachozidi mililita 100. Kinachopimwa ni ukubwa wa chombo, si kilichobaki ndani yake. Asali, samli na achari zimo katika hukumu hiyo, na hata halwa mkaguzi aweza kuihesabu humo. Baadhi ya viwanja vya Ulaya vimeanza kulegeza kwa kuwa vina mitambo mipya. Lakini anayebadili ndege hana budi kujipima kwa kiwanja kilicho kikali kuliko vyote njiani mwake. Zawadi hizo basi ziende katika sanduku linalokabidhiwa, zikiwa zimezibwa barabara.

Dawa ni kinyume chake. Insulini ya mzee haifai kuwekwa tumboni mwa ndege, kwani baridi kali huweza kuiharibu, na sanduku likipotea mgonjwa hana pa kushika. Dawa zote zikae mkobani, katika vifungashio vyake vya asili, pamoja na cheti cha daktari. Katika Falme za Kiarabu, dawa za maumivu zenye kodeini au tramadoli zimo katika zinazodhibitiwa vikali, na asiyekuwa na idhini huweza kujikuta mbele ya polisi. Tambuu nayo, ambayo kwetu ni heshima ya arusi, forodha ya Dubai huikataza.

Betri za akiba za kuchajia simu pia ni za mkobani, kwa sababu zikishika moto chini hakuna wa kuziona. Mashirika mengi wanayopanda watu wetu humruhusu abiria wa daraja la kawaida kilo 7 za mkononi. Aila ya watu watano ina kilo 35, lakini haiwezi kuzitia katika begi moja. Kila mmoja, hata mtoto, awe na nguo za kubadili katika mkoba wake. Na kwa kuwa ndege ikijaa mikoba huweza kuchukuliwa mlangoni ikapelekwa chini, pasi, dawa, fedha na betri viwe ndani ya kifuko kidogo kinachochomoka mara moja.

Hayo ni wajibu wa wasafiri. Wakuu wa Serikali nao wana wao. Si haki kumlaumu bibi aliyenyang'anywa chupa ya samli mbele ya foleni nzima, ikiwa hakuna aliyemweleza kwa lugha yake alipokuwa bado kwao Wete au Makunduchi. Tunaomba orodha ya vinavyoruhusiwa na visivyoruhusiwa iandikwe kwa Kiswahili chepesi, itolewe pamoja na kila pasi, ibandikwe katika ofisi za masheha, na isomwe redioni kabla ya likizo na kabla ya Hija. Tunaomba vilevile kuwe na mizani na meza kabla ya ukaguzi, ili kilichokatazwa kirudishwe kwa jamaa waliokuja kusindikiza badala ya kutupwa.

Hatuombi ulinzi ulegezwe hata kidogo, kwani usalama wa ndege ni usalama wa kila aliyemo. Tunachoomba ni kwamba sheria imfikie mwananchi kabla hajafunga mkoba wake, kwani ikimfikia mbele ya mashine, alichokuja nacho kimekwisha kupotea.