Usibadilishe kamera kwa sababu ya rangi

Wauzaji wenzangu, swali haliishi: "Ninunue Canon, Nikon au Sony? Ipi ina rangi nzuri?" Mimi nasema mtaji wako usiupeleke huko kwanza.

Rangi mnazobishania, sehemu kubwa hupikwa ndani ya kamera inapotengeneza JPEG, na kila kampuni ina mapishi yake. Fujifilm ukiiweka kwenye Velvia, kitenge chekundu kinawaka kuliko kilivyo. Picha tamu, lakini mteja akifungua mzigo anakuta rangi nyingine. Anarudisha, na nauli ya boda ni juu yako.

Piga RAW. Nikon inakupa NEF, Sony ARW, Canon mpya CR3. Humo rangi haijapikwa bado, mpishi ni wewe. Picha ya kwanza weka karatasi nyeupe kando ya bidhaa. Ukifungua kwenye Lightroom, au darktable ambayo ni ya bure, chukua kipimo cha weupe kwenye ile karatasi, kisha kitumie kwa picha zote za mwanga uleule.

Tofauti ndogo kati ya kamera zitabaki, sawa. Ila mteja hajui hata unatumia kamera gani. Anataka gauni la rangi aliyoiona.