Mtoto Asiye na Bei

Ndugu zangu wa bara na visiwani,

Kila mjadala wa vifo vya kina mama na watoto wachanga unapopamba moto huko nyumbani, shutuma huwa ni zile zile: mama hajui, mkunga wa jadi ni mchafu, anayejifungulia nyumbani atozwe faini. Shutuma hizi ni za zamani, na mfano wake unaonekana vizuri katika visiwa vya Karibi vilivyotawaliwa na Waingereza. Historia ya huko inafundisha kwamba watawala wakishamfanya mama kuwa mshtakiwa, hukwepa gharama ya kuondoa kinachoua.

Mwishoni mwa karne ya 18, harakati za kupiga marufuku biashara ya watumwa ziliposhika kasi, wenye mashamba ya miwa walianza kuthamini uzazi. Sheria za Jamaica zilimwondolea kazi ngumu mtumwa mwenye watoto sita walio hai, maana kila mtoto alikuwa mali ya bwana. Mwaka 1834 utumwa ukafutwa, ikafuata miaka minne ya mpito ambapo watumwa wa jana walimtumikia bwana yule yule bila ujira sehemu kubwa ya wiki. Watoto wa chini ya miaka sita walikuwa huru papo hapo. Ndipo mashamba mengi yakafuta nafuu: wenye watoto sita wakarudishwa kwenye jembe, wanaonyonyesha wakanyimwa muda wa kunyonyesha, na wanawake waliowapikia na kuwatekea maji wenzao shambani wakaondolewa. Mama alikuwa yule yule, na ujuzi wake ule ule. Mtoto ndiye aliyekuwa hana bei tena. Uingereza ilitenga pauni milioni 20 kuwafidia wamiliki. Mama hakupata hata senti.

Atakayenipinga atasema baadaye wakoloni walileta tiba, na kweli walileta. Katika miaka ya 1890 hospitali ya uzazi ya Victoria Jubilee ilifunguliwa Kingston, ikafundisha wakunga. Kukata kitovu kwa kifaa safi kunazuia pepopunda, maradhi yaliyomaliza vichanga wengi enzi za utumwa. Mafunzo hayo sina ugomvi nayo. Lakini mkunga aliyefuzu alimkuta mzazi katika kibanda kilichojengwa juu ya ardhi ya shamba la mtu, maji ni ya shida na ujira haukidhi chakula. Mwaka 1937, karibu karne nzima baada ya miaka ile ya mpito kuisha, Barbados ilizika watoto 217 kati ya kila 1,000 waliozaliwa hai kabla hawajatimiza mwaka. Uingereza yenyewe ilizika 58 hivi. Baada ya ghasia za wafanyakazi visiwani humo miaka hiyo, tume ya Uingereza iliyoongozwa na Lord Moyne ilieleza umaskini huo kinagaubaga. Hata hivyo, katika miaka ya 1940 mke wa gavana wa Jamaica alikuwa akiongoza kampeni ya kuwafungisha watu ndoa kwa makundi, kana kwamba cheti kingejaza chungu.

Mwingine atasema hayo ni ya Karibi. Haya, tazameni Unguja. Amri ya 1897 iliyofuta hadhi ya utumwa iliahidi fidia kwa mabwana, lakini iliwaacha nje masuria, wakiwemo waliowazalia mabwana hao watoto, hadi 1909. Hapa pia mzazi alihesabiwa wa mwisho.

Wala sisemi uzembe haupo, au kwamba mama hana wajibu. Nasema faini humwangukia asiye na nauli, na kesho yake humfanya ajifiche zaidi. Diwani akileta pendekezo la faini, mwulizeni kwanza: zahanati ya kata ina mkunga usiku? Ina maji? Mbona mjamzito anaagizwa aje na glavu, wembe na pamba zake? Akishajibu kwa bajeti, hapo ndipo tuzungumze wajibu wa mama.

Wenu,
Ndugu yenu wa ughaibuni