Lulu ya Kino na mahindi ya Kiplombe

Lini mara ya mwisho ulimwuliza mwanao anasoma kitabu gani, bila kumwuliza amepata alama ngapi?

Aghalabu sisi wazazi huona fasihi ya Kiingereza kuwa mzigo wa mtihani. Tunanunua kitabu na mwongozo wake, kisha tunamwachia mwalimu kazi. Mtoto naye hukariri mwongozo, na kitabu chenyewe kikabaki kipya kama kilivyotoka dukani.

Chukua mfano wa The Pearl, yaani Lulu, riwaya fupi ya Mmarekani John Steinbeck iliyochapishwa mwaka wa 1947. Ilikuwa miongoni mwa vitabu vya hiari katika mtihani wa KCSE wa 2019. Sasa imeondolewa katika orodha, na nakala nyingi zimelala makabatini. Huu ndio wakati mzuri wa kuizungumzia, maana hakuna anayetafuta alama.

Steinbeck alizaliwa mwaka wa 1902 huko Salinas, California, bonde la wakulima, na mwaka wa 1962 akatunukiwa Tuzo ya Nobel. Kisa chenyewe kinatendeka Mexico. Kino, mzamiaji lulu maskini, anaishi na mkewe Juana na mtoto wao Coyotito. Mtoto anaumwa na nge, na daktari anakataa kumtibu kwa kuwa baba hana pesa. Kisha Kino anaopoa lulu kubwa ajabu, na daktari yule yule anakuja mbio mwenyewe.

Ukiwa na wanafunzi wa Kiplombe, hapa viungani mwa Eldoret, anza na soko. Kino anapopeleka lulu yake mjini, wanunuzi wanajifanya washindani, kumbe wote ni vibarua wa tajiri mmoja. Wanaibeza lulu, ati ni kubwa mno, haina mnunuzi. Wanampa peso 1,000. Yeye anaamini ina thamani ya peso 50,000.

Sasa waulize: hayo mmeyaona wapi? Mtoto wa Uasin Gishu hahitaji mwongozo kujibu. Anamjua broka anayefika shambani baada ya mavuno, akatia mkono guniani na kusema mahindi yana unyevu, yameoza, bei imeshuka. Baba hana kipimo cha kuthibitisha kama unyevu umezidi asilimia 13.5 inayotakiwa. Januari imebisha hodi na karo inadaiwa. Anauza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Kisha waulize Kino alitaka kuifanyia nini lulu ile. Watakutajia harusi ya kanisani, nguo mpya na bunduki. Wasisahau la nne: alitaka Coyotito aende shule, ajue kusoma, ili familia isidanganywe tena. Hapo nyamaza kidogo, uwaache wafikiri. Gunia lililouzwa kwa hasara ndilo lililowaweka darasani. Je, elimu hiyo itamsaidia baba siku broka atakaporudi, au itaishia kwenye karatasi ya mtihani?

Swali gumu zaidi liko nyumbani. Juana anaona lulu imeleta balaa, anataka kuitupa baharini, Kino anampiga. Nani alikuwa na haki? Wengine watasema mwanamume alikuwa akipigania familia yake. Wengine watasema mke ndiye aliyeona mbali, kwa kuwa mwishowe Coyotito anauawa kwa risasi na lulu inarudishwa majini. Waache wabishane, wavulana kwa wasichana. Utajifunza mengi kuhusu ndoa wanazoziona kila siku.

Je, mzazi ambaye hakusoma riwaya hii afanyeje? Mwambie mwanao akusimulie, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Asiyekielewa kitabu hawezi kukisimulia kwa lugha ya mama yake. Usimkatize kwa mahubiri, na usikimbilie kumpa jibu. Mweleze jinsi ulivyouza mahindi mwaka jana na ulichopewa. Kuuliza si ujinga, hata kwa mzazi.

Kino alitamani mtoto wa kumsomea maandishi ya wakubwa, asimpate. Wewe unaye, ameketi sebuleni. Mwambie leo baada ya chakula akitoe kitabu kabatini.