Hita ya Karakana ya Nyumbani: Dari Kwanza, Duka Baadaye

Kipupwe cha Nyanda za Juu Kusini hakina huruma kwa mafundi wanaofanyia kazi nyumbani. Kuanzia Juni hadi Agosti, asubuhi za Njombe na Makete mara nyingi hushuka chini ya nyuzi 10 za sentigredi, na banda la gari lililogeuzwa karakana huwa ndiyo sehemu yenye baridi kuliko zote nyumbani. Vidole vya mshona nguo hufa ganzi, gundi ya mbao huchelewa kushika, na kazi aliyoahidiwa mteja Ijumaa hutoka Jumanne. Ndipo fundi anapofunga safari ya dukani kuulizia hita.

Hapo ndipo fedha nyingi zinapopotea. Mnunuzi huuliza bei ya hita, muuzaji humsifia ukubwa wake, na hakuna anayeuliza karakana yenyewe ikoje. Ukweli ni kwamba hita hununuliwa mara moja, lakini umeme wake hununuliwa kila siku. Asiyepiga hesabu ya uniti kabla ya kununua, ataipiga luku itakapoanza kulia.

Chukua karakana ya meta 6 kwa 3, iliyoezekwa bati tupu bila dari. Kila meta moja ya mraba ya bati hupoteza wati 7 hivi kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya joto la ndani na la nje. Ikiwa nje ni nyuzi 8 na fundi anataka nyuzi 18 ndani, paa peke yake linapoteza wati 1,260. Kuta, madirisha na ule mwanya chini ya geti havijahesabiwa. Kwa saa 5 za kazi, asubuhi na jioni, hizo ni uniti 6.3 zilizonunuliwa ili kupasha moto mawingu.

Dari ya kawaida ya silingibodi hupunguza upotevu huo kwa zaidi ya nusu. Kwa bei ya shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, iliyomo katika viwango vya mwaka 2016 kwa wateja wa kawaida, nafuu hiyo ni zaidi ya shilingi 900 kwa siku. Kwa siku 24 za kazi ni shilingi 22,000, na kwa miezi 3 ya kipupwe ni shilingi 66,000. Mwaka unaofuata dari bado ipo na haidai kitu. Mpangaji ambaye mwenye nyumba hamruhusu kupigilia dari anaweza kutandaza turubai chini ya kenchi na kuziba mwanya wa geti kwa kipande cha mpira. Haitalingana na dari, lakini ni bora kuliko bati tupu.

Baada ya hapo ndipo hita ichaguliwe. Mnunuzi asidanganywe kwamba hita ya bei kubwa hutoa joto zaidi kwa uniti ile ile. Hita zote za umeme zenye nyaya za joto, ziwe za feni, za mafuta au za mionzi, hugeuza uniti moja kuwa joto la kiasi kile kile. Zinachotofautiana ni namna ya kulipeleka joto hilo. Hita ya feni hupasha hewa haraka, na inafaa chumba kidogo kilichozibwa vizuri. Hita ya mafuta huchelewa kupata moto, lakini haina waya mwekundu ulio wazi, hivyo inamfaa zaidi mshona nguo mwenye vitambaa kila upande. Hita ya mionzi humpasha mtu aliye mbele yake badala ya hewa, na ndiyo yenye faida pale geti linapofunguliwa kila mara. Hata hivyo, isiwekwe penye maranda, wala penye mvuke wa rangi na vimiminika vya kuichanganyia.

Aidha, wapo wateja wa majumbani wenye matumizi madogo, ambao kwa viwango hivyo vya mwaka 2016 hulipa shilingi 100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti inayozidi. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa 5 hula uniti 10 kwa siku. Uniti 75 zote humalizwa katika siku 8, kabla taa, pasi na redio hazijahesabiwa. Kwa nyumba kama hiyo, hita ya mionzi ya wati 800 iliyoelekezwa kwa fundi mwenye sweta ndiyo biashara. Hula uniti 4 tu kwa siku.

Gesi ya mitungi nayo ina hesabu yake. Kilo moja hutoa joto la uniti 12 na zaidi, hivyo mtungi wa kilo 6 unakaribia uniti 76. Kwa shilingi 292, uniti hizo za umeme ni shilingi 22,000 hivi kabla ya kodi. Mtungi ukijazwa kwa bei ya chini ya hapo, gesi ni nafuu; ukizidi sana, nafuu imekwisha. Lakini gesi inayowaka ndani hula hewa, na kila kilo hutoa zaidi ya kilo moja na nusu ya mvuke wa maji. Mvuke huo hutua kwenye misumeno na mashine, na kutu ni gharama isiyoandikwa kwenye mtungi. Dirisha halina budi kuachwa wazi kiasi, na joto nalo hutoka.

Limebaki jiko la mkaa, ambalo wengi hulikimbilia kwa sababu halihitaji luku wala mtungi. Hili lisihesabiwe kabisa. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Anayeivuta husikia kichwa kuuma na usingizi, akadhani ni uchovu wa kazi, kisha hazinduki. Karakana iliyowekewa dari na kuzibwa mianya ndiyo hatari zaidi, maana kile kinachozuia joto lisitoke huzuia pia sumu isitoke. Hakuna oda ya kabati wala ya sare za shule inayolipa gharama hiyo.

Kwa hiyo fundi mwenye bajeti ndogo msimu huu agawe fedha zake kwa mpango: dari na geti kwanza, kisha hita ndogo inayofaa kazi yake, kisha soketi imara iliyofungwa na fundi umeme. Soketi ya ampia 13 hubeba wati 3,000 hivi na si zaidi, na kebo nyembamba ya ekstensheni iliyoviringishwa huweza kuyeyuka kabla ya hapo. Muuzaji wa hita naye angejijengea jina kwa kumuuliza mteja swali moja kabla ya kutaja bei: karakana yako ina dari?