Kabla ya Ngoma Kulia

Katika milima ya Masisi, upande wa Nyamitaba, asubuhi huwa na baridi kali. Vijana wengine wajifunzao intore, ngoma ile ya kuruka juu na kukanyaga kwa kishindo, njuga zikilia miguuni, huota moto kwanza, kisha huruka papo hapo. Ndipo kifundo huteguka. Moto wa kuni hupasha ngozi tu. Misuli hupata joto kwa kufanya kazi yake, maana hapo damu huijia kwa wingi.

Basi mwalimu awape dakika 10: watembee upesi, wakimbie polepole hata jasho jembamba litoke, wazungushe vifundo na mabega, wacheze hatua zilezile za ngoma kwa upole, waruke kidogo, halafu zaidi. Kujinyosha na kutulia hivyo dakika nzima hupunguza nguvu ya kuruka. Afadhali kuwekwe baada ya ngoma.

Tusiwasahau watoto wachezao katika Misa ya Kizaire, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988. Hao hungoja nje, wamesimama kimya, na joto lote huwatoka. Wavikwe kitenge mabegani, wakanyagekanyage mahali pao mpaka zamu yao ifike.