Ligi na Mfuko wa Jirani

Baada ya sala ya Ijumaa mtaani Bondeni, Nakuru, mzee mmoja aliniuliza: "Shekhe wa Mombasa, ile Feisal yenu imepotelea wapi?" Nami nikamjibu: "Na AllStars yenu, mzee wangu, mbona haivumi tena?" Tulicheka, lakini kicheko cha uchungu. Nakuru AllStars ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 1963, Feisal mwaka 1965. Fedha za televisheni hazikuzijua. Zilibebwa na mashabiki wao na viingilio vya mlangoni.

Mwaka 2017 ligi kuu ilipanuliwa kutoka timu 16 hadi 18, na Zoo ya Kericho ikawa miongoni mwa zilizopanda. SuperSport, waliokuwa na haki ya kuonyesha mechi, wakadai mkataba umekiukwa, wakaondoka na fedha zao. Kuikaribisha miji midogo ni jambo la haki. Kosa ni kuongeza wageni karamuni kwa mfuko wa jirani bila kukubaliana naye.

Ndugu wasomaji, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Fedha za televisheni tuzipokee, lakini ziwe kitoweo tu. Wali wetu utoke mlangoni mwa uwanja.